Bega la Kulia la Dorothea

Dorothea Komba alikwenda mji wa Laurel kununua viatu vya mvua, akarudi na bunduki ya Kirusi.

Duka lenyewe liliuza mahema, ndoana, majaketi na viatu. Kule nyuma, karibu na mlango wa stoo, palikuwa na pipa la mbao, na ndani ya pipa zilisimamishwa bunduki kama mafagio. Zilikuwa bunduki fupi za jeshi la Urusi, zimetengenezwa mwaka 1944, zikapakwa grisi na kulazwa ghalani nusu karne. Sasa ilikuwa mwaka 1997, nchi iliyozitengeneza haipo tena, na maghala yalikuwa yanasafishwa. Moja iliuzwa kwa bei ndogo kuliko mashine ya kahawa.

Hakuna aliyemjua Dorothea ambaye angesema huyu ni mtu wa bunduki. Alikuwa mzaliwa wa Mbinga, mama wa watoto wawili, mpanga mizigo kwenye bohari la fanicha kule Beltsville, mwimba sauti ya pili kanisani. Ila zamani, alipomaliza kidato cha sita, alipelekwa Jeshi la Kujenga Taifa, kambi ya Mafinga. Karibu mwaka mzima alibeba bunduki ya mti. Siku moja tu walipelekwa kulenga shabaha, akapewa risasi tano za kweli, na hakuna hata moja iliyogusa ubao. Afande alimwambia adui angemtumia zawadi ya Krismasi. Jambo hilo halikumkosesha usingizi, lakini mara mojamoja, akiwa anapiga mswaki, alijiuliza kama kosa lilikuwa lake au la bunduki. Pale dukani aliona kwamba jibu limewekwa kwenye pipa na bei imebandikwa. Akaonyesha grinkadi yake, kibali cha mkazi wa kudumu, akaandika jina na anwani, akaondoka. Viatu vya mvua alivisahau.

Mumewe, Fredy, aliendesha basi dogo la hoteli, kuchukua wageni uwanja wa ndege na kuwarudisha. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ya kuombea radhi. Hakugomba. Waliilaza bunduki kwenye beseni la kuogea, wakaimwagia maji ya moto mpaka grisi ikaachia, halafu Fredy akaikausha kwa mashine ya nywele ya mkewe. Alipomaliza akatoa sharti moja: watu wasijue. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya mazishi katika jumuiya ya Watanzania wa eneo lile.

“Wakisikia nina bunduki ndani,” alisema, “watasema najitafutia kazi.”

Dorothea akakubali.

Uwanja wa kulenga shabaha ulikuwa msituni, mbele kidogo ya Beltsville. Alikwenda kila Jumamosi asubuhi. Kwa kuwa mtutu ulikuwa mfupi, kila risasi ilitoa moto wa ukubwa wa ndoo, na watu wa meza za jirani walisogeza vitu vyao. Kitako cha bunduki kilikuwa na bamba la chuma tupu, bila mpira wala kitambaa, na kila ilipolia ilimpiga teke begani. Alijaribu kuweka taulo lililokunjwa. Kwa taulo hakulenga kitu. Akaliacha taulo.

Jumamosi ya tatu akapata jibu lake. Msimamizi wa uwanja, mzee mwenye suruali ya mikanda ya mabegani, alimtazama kidogo, akamwambia kwamba anafumba jicho silo. Akafumba la pili. Risasi ikaingia kwenye duara jeusi. Kosa, basi, lilikuwa lake tangu Mafinga.

Angeweza kuishia hapo. Badala yake alinunua ya pili, ndefu, ya kabla ya vita, na baada ya miezi miwili akanunua ya tatu, ambayo Wafini, majirani wa Warusi, waliwanyang'anya vitani wakagonga alama yao juu ya alama ya wenyewe. Alijifunza kwamba risasi zile za zamani huacha chumvi kwenye mtutu, na usipoisafisha siku hiyohiyo chuma kinaota kutu. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni alichemsha maji kwenye sufuria ya ugali, akayamimina mtutuni kwa mrija, mpaka Fredy aliponunua sufuria nyingine na kuiandika “Urusi” kwa wino mweusi.

Matatizo yalianza Juni, kwenye sare ya harusi. Vaileth, fundi cherehani wao wote, alikuwa akimpima Dorothea chumbani kwake Hyattsville, akashusha kidogo kola ya blauzi, na akaliona bega. Lilikuwa na rangi ya biringanya. Akauliza kimetokea nini.

“Nimejigonga kabatini,” Dorothea alisema.

Vaileth akairudisha kola mahali pake. Aliandika vipimo. Dorothea aliporudi kulijaribu gauni, bega lilikuwa na manjano ya zamani chini na wekundu mpya juu yake. Vaileth akauliza tena, na Dorothea, kwa kuwa hakuwa na uzoefu wa kusema uongo, akataja kabati lilelile.

Vaileth alikwenda moja kwa moja kwa Bi Rahma. Bi Rahma alikuwa muuguzi, Mzanzibari, mama wa makamo anayevaa ushungi na saa ya kiume. Wakristo kwa Waislamu, mtoto akishikwa na homa, simu ya kwanza ilipigwa kwake. Alisikiliza, akauliza kama ni bega la kulia, akauliza kama Fredy anatumia mkono wa kushoto, kisha akasema ahsante.

Tangu hapo Fredy aliona mambo ambayo hakuyaelewa. Kwenye harusi alipewa pilau lenye viazi tu. Akadhani nyama imekwisha, ila jirani yake wa meza alikuwa na vipande vinne. Wanaume waliokuwa wakimsimamisha kuzungumza mpira walikumbuka shughuli nyingine. Dorothea naye alivutwa pembeni na Bi Rahma, akaambiwa kwamba kwake kuna chumba kitupu, saa yoyote, na watoto pia. Dorothea alimshukuru, akamjibu kwamba wao wana mkataba wa nyumba mpaka Desemba. Usiku ule alimwambia Fredy kwamba Bi Rahma anatafuta mpangaji.

Fredy ndiye aliyeelewa kwanza, siku walipoitwa kwa Mzee Gregori. Mzee Gregori alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, mhasibu mstaafu anayeishi Laurel, na hakuwa na desturi ya kuita watu bila chakula. Siku hiyo palikuwa na chai peke yake. Bi Rahma alikaa kochi la dirishani, Vaileth pembeni yake. Fredy alitazama nyuso, akatazama bega la mkewe, akakaa.

“Fredy, hatukukuita kukuhukumu,” Mzee Gregori alisema. “Tumekuita utueleze.”

“Sina la kueleza, Mzee.”

“Bega la mkeo limevilia damu mara mbili tangu Juni.”

“Naliona.”

“Na unasemaje?”

“Nasema litapona.”

Mzee Gregori akazungumza kwa muda mrefu. Alizungumza juu ya ndoa, juu ya ugenini, juu ya polisi wa nchi ile ambao hawasuluhishi bali wanafunga. Fredy alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesomewa hali ya hewa. Kila Mzee Gregori alipopumzika, alisema, “Nimesikia, Mzee.” Dorothea alikuwa akimtazama. Alimjua mwanamume yule miaka kumi na minne na hakuwahi kumwona akiua mende. Alikuwa akiwabeba kwa karatasi hadi nje. Sasa alikuwa anapokea maneno yale yote moja moja, na angeyapokea mpaka mwisho.

“Si yeye,” Dorothea alisema. “Ni kitako cha bunduki.”

Vaileth akaweka kikombe chini.

“Anakupiga kwa kitako cha bunduki?” Bi Rahma aliuliza.

“Hanipigi. Bunduki ni yangu.”

“Anakupiga kwa bunduki yako mwenyewe?” aliuliza Mzee Gregori.

Ikachukua muda kueleza. Dorothea alieleza pipa, Mafinga, jicho, bamba la chuma. Mzee Gregori akamgeukia Fredy, akamuuliza kama ni kweli kuna bunduki ndani ya nyumba. Fredy, ambaye hakuwa akisema uongo, akajibu kwamba ziko tatu. Hilo halikusaidia.

Bi Rahma alimkagua Dorothea. “Mwanangu,” alisema hatimaye, “kazi hii n'naifanya miaka thalathini. Nshaambiwa kabati, nshaambiwa ngazi, mlango, mtoto karusha mpira. Hili sijapata kulisikia. Basi ama kweli, ama kakutisha mpaka umepata akili mpya. Jumamosi mtan'chukua nikaone.”

Njiani kurudi kwao Hyattsville walisimama kwenye taa nyekundu ya kwanza.

“Kwa nini hukusema?” Dorothea aliuliza.

“Tulikubaliana watu wasijue.”

“Hatukukubaliana uitwe mpiga mke.”

Taa ikawaka kijani. Fredy aliendesha kidogo. “Ningesema, ungeona aibu, ungeziuza,” alisema. “Nakujua.”

Angeziuza kweli. Dorothea aligeukia dirishani, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka ionekane analilia bunduki.

Jumamosi walikwenda wanne, Fredy akiendesha. Mzee Gregori alikuja na suti. Bi Rahma alivaa vizibo vya masikio juu ya ushungi, akasimama nyuma ya Dorothea mikono kifuani. Dorothea akapiga tano na ile fupi, na zote zikaingia kwenye jeusi. Mzee Gregori aliyekuwa ameruka kwa mlio wa kwanza alijifanya anatafuta miwani.

“Nipe mimi,” Bi Rahma alisema.

Dorothea alitia risasi nyingine tano, akamwonyesha pa kushika, akamwonyesha jicho. Bunduki ikalia, moto ukatoka, Bi Rahma akarudi nyuma hatua nzima na kusema, “Lahaula.” Kisha akamaliza zilizobaki, polepole, akisema neno hilohilo kila mara. Alipoulizwa kama naye atapiga, Mzee Gregori alisema anaumwa mgongo. Lakini aliokota maganda ya risasi, akayafuta kwa leso, akayatia mfukoni.

Asubuhi yake Bi Rahma alijitazama kwenye kioo, kwa makini, kama anavyomtazama mgonjwa. Alama ilikuwa imenyooka upande mmoja na kuviringa juu, sura ileile ya bamba. Akampigia Dorothea. “Limevilia,” alisema. “Niombee radhi kwa bwana'ko. La, nipe mwenyewe nimuombe.” Fredy akapokea simu, akasema hakuna neno, Bi Rahma, hakuna neno. Alisema hivyo mara nyingi.

Mkutano uliofuata wa jumuiya, Mzee Gregori alisimama na kutangaza kwamba suala la Bwana Fredy lilikuwa hitilafu ya taarifa. Nyama ikarudi kwenye sahani yake, tena zaidi ya ya zamani. Lakini sasa wanaume walianza kumtazama kwa namna nyingine. Mmoja alimshika mkono maegeshoni, akamuuliza taratibu kama kwake ana sauti. Kwenye uchaguzi wa kamati hakutokea mtu wa kugombea naye ukatibu. Mume wa Dorothea, walisema, asisumbuliwe zaidi.

Vaileth hakuomba radhi, na Dorothea hakumdai. Aliona kwamba kama bega lile lingekuwa la mwanamke mwingine, Vaileth angekuwa ndiye mtu pekee aliyeuliza.

Bi Rahma alinunua bunduki ndefu yake mwenyewe mwaka uliofuata, na mwanawe mkubwa alipomwambia kwa umri wake haifai, alimpa rambo la taka akatupe. Mwaka 1999 akina Komba walihamia nyumba ndogo Beltsville, na Fredy akajenga rafu ya bunduki kwenye kabati la ghorofa ya chini kwa mikono yake, nafasi saba, yenye kufuli.

Yeye mwenyewe alipiga siku moja tu, kwa kuwa Dorothea na Bi Rahma walimsihi. Alilenga kwa uangalifu mkubwa, akavuta, na risasi ikaingia kwenye karatasi ya shabaha ya mtu wa meza ya pili. Fredy akamwendea yule mtu kumwomba radhi, akarudi kwenye benchi, akafungua chupa ya chai na kuwamiminia.