Ziwa Ukutani kwa Leonsia

Mnanichosha. Kila anayepita hapa Igogo anataka nimweleze habari za Leonsia, na mimi kusoma kwangu ni kwa ngumbaru, mkono wenyewe mzito. Haya, naandika mara moja tu.

Leonsia alikuwa akishona magunia katika ghala la pamba la ushirika, hapa kando ya ziwa. Waliporuhusiwa wanunuzi binafsi ushirika ukalala, wenzake wakaenda zao, yeye akaachiwa ufunguo na ufagio. Asubuhi moja amefunga mlango apumzike, akaliona ziwa ukutani. Ziwa zima, mitumbwi inapita imepinduka, wavuvi vichwa chini. Kumbe linaingilia kwenye tundu la msumari, kwenye bati.

Basi akaziba nyufa zote kwa pamba, akaliacha lile moja. Akatundika shuka jeupe, akalisogeza mbele, akalirudisha nyuma, mpaka mitumbwi ikatulia. Akaweka benchi, akaita watu. Lakini nani wa huku atakaa gizani kwenye nyumba ya mtu? Huyu anapiga hodi na kuacha mlango wazi, ndiyo adabu. Yule kaja na tochi ili aone vizuri. Mwanga ukiingia, ziwa linatoka. Leonsia akawafukuza, nao wakamwita kichaa wa ghala. Mimi nilikaa nikaona, ila wanasema sisi wawili ni chungu na mfuniko wake, haaminiki hata mmoja.

Kilichomuuma zaidi ni kaka yake Kashaija, muuza samaki kule kivukoni Kigongo. Alishatangaza kwa ukoo kwamba dada yao akili imeharibika, arudishwe Bukoba. Na tajiri aliyelinunua ghala alikuwa anakuja kulifunga Jumapili. Leonsia akamwita kaka yake aje asubuhi ya siku hiyo hiyo, aone kwanza, ndipo aseme.

Kashaija akawahi, dada bado yuko kanisani. Leonsia alipofika akamwamkia shikamoo, akamkalisha kwenye benchi, akafunga mlango. Na mtu yule akakaa. Hakuwasha kiberiti, hakunung'unika, kitu ambacho hakuna mgeni aliyewahi kumfanyia. Giza tupu. Leonsia akavuta shuka huku, akalivuta kule, akidhani wingu limeziba jua.

"Kaka, vumilia. Litakuja."

"Nimevumilia, mdogo wangu. Nini kitakuja?"

Leonsia akalivuta tena shuka. Kisha Kashaija akasema kwa upole, kama unavyosema na mgonjwa:

"Usihangaike. Na lile tundu la nje nimeliziba kwa lami wakati nakungoja, mvua isije ikakunyeshea."

Leonsia akatoka mbio kutafuta msumari. Mlangoni akakuta watu wa tajiri na kufuli lao.

Leo yuko Bukoba, anapalilia migomba, na ukoo unamwangalia kwa jicho la huruma.

Sasa wewe uliyenisumbua, pole yako sitaki. Ziba dirisha lako, acha tundu la msumari, funga mlango ukae. Ukishaona, nenda Kigongo ukamwambie Kashaija. Mimi hanisikii.