Siku Adelfina Alipomrudisha Ng'ombe wa Bukuru

Nianze na ngumi, maana ukimtaja Adelfina hapa Nyakahura bila kutaja ngumi watu watadhani unamsema mwingine.

Mara ya kwanza kumwona alikuwa amemkalia mwanamume kifuani katikati ya gulio, anamponda pua. Yule mwanamume aliuza viatu vya mitumba, na kosa lake lilikuwa kumrushia Joan, binti wa Adelfina, ganda la ndizi huku akimwita bubu, aone kama atageuka. Joan alikuwa mdogo bado. Amesimama pembeni na kikapu cha mama yake, halii wala haogopi, anatazama tu kama mtu anayesubiri zamu yake kisimani. Tulipomvuta Adelfina alikuwa na damu hadi kwenye kiwiko, na haikuwa yake. Kabla hata ya kujifuta akamgeukia mtoto, akaanza kusema naye kwa vidole vile vile vilivyotoka kuvunja pua ya mtu. Sijui alimwambia nini, ila mtoto alicheka.

Nilimpenda siku hiyo hiyo. Na mimi Nyirabahizi, Mama Philbert, si mtu wa kupenda watu haraka, waulize wakwe zangu.

Alizaliwa Nyamahanga, kwenye boma la Wasukuma wenye ng'ombe wengi na maneno machache. Ndama mmoja alipoliwa na fisi, baba yake alimpiga kwa fimbo ya kuchungia mpaka mkono wa kushoto ukavunjika. Ukaungwa vibaya, vidole vikapinda na havikunyooka tena. Tangu hapo kila kitu alikifanya kwa mkono wa kulia: kulima, kupiga, na baadaye kusema. Akaolewa na Gidioni, Mkatoliki wa Ngara, mtu mpole akiwa hajanywa. Akinywa alipiga. Siku moja Adelfina akamngoja nyuma ya mlango na mchi wa kutwangia, akamvunja mkono, kisha akampeleka mwenyewe hospitali na kumnywesha uji mpaka akapona. Gidioni hakumgusa tena. Waliishi vizuri baada ya hapo, nasema kweli, mpaka lori lilipomkanyaga pale Lusahunga akivuka barabara kwenda kununua chumvi.

Joan alipoteza masikio kwa homa ya uti wa mgongo akiwa bado ananyonya. Lugha yao waliitengeneza wenyewe, migombani na jikoni. Kumtaja Gidioni ulishika mkono kama umevunjika, na Gidioni mwenyewe alicheka kila alipoitwa. Kunitaja mimi ulikunja uso, wala sikuona sababu ya kukasirika. Jina la Joan lilikuwa kidole cha mwisho, kile kidogo kuliko vyote, kikigusa shavu. Baadaye alipelekwa shule ya viziwi akafundishwa alama rasmi, nzuri sana, lakini akirudi likizo aliziacha barabarani. Nyumbani ilikuwa ile ya migombani.

Alipokua akaenda Mwanza kushona nguo. Sasa fikiria. Mama hajui kusoma, mtoto hasikii. Simu ya kawaida itawafaa nini? Kilichobaki ni kuonana kwenye kioo cha simu, na ili kuonana unahitaji intaneti nyumbani iliyotulia, maana mtu anayesema kwa mkono, picha ikikwama umemkata ulimi.

Hapo ndipo anapoingia Bukuru.

Wazazi wa Bukuru walivuka kutoka Burundi kama wangu walivyovuka kutoka Rwanda, watoto mgongoni, maiti nyuma yao. Alianza kwa kutengeneza redio, akaenda kwenye simu, na mwisho akaanza kuvuta mtandao kutoka Lusahunga na kuugawa kwa watu kwa vidishi vilivyofungwa juu ya miti mirefu. Mti wake mkuu aliutaka kilimani, na kilimani ni uani kwa Adelfina. Akaja kuomba. Akaja na mtamba mwenye kipaji cheupe, wa uzao wa ng'ombe wa marehemu baba yake.

"Sikupi kodi, Mama Joan," alimwambia. "Nakupa undugu."

Nilikuwepo, nilipiga vigelegele. Ng'ombe yule alikaa pale miaka, akazaa, Adelfina akanywa maziwa na kutuma samli Mwanza. Na mtandao mwanzoni ulikuwa mzuri. Lakini Bukuru alikuwa na tamaa. Aliunganisha baa, akaunganisha nyumba za wageni, akaunganisha kila mwenye bati. Ikifika jioni ya mpira Adelfina anamwona mwanawe vipande vipande, mkono uko hewani hauendi mbele wala haurudi. Alimlalamikia Bukuru kwa upole, jambo ambalo kwake ni kazi. Bukuru akasema atarekebisha. Akasema tena atarekebisha.

Halafu ikaja ile jioni ya kisu. Joan alikuwa anaeleza jambo, macho yamemtoka. Mtu. Mlango wangu. Kisu. Damu. Picha ikaganda pale pale, mtoto akiwa mdomo wazi. Adelfina aliitikisa simu, akaipiga ukutani, akapanda juu ya mti wa Bukuru akakitikisa kidishi, kisha akakimbia barabarani peku akaingia kwenye lori la kwanza. Alifika Mwanza na jiwe mkononi, tayari kuua. Akamkuta Joan anapiga pasi suruali. Habari ilikuwa ya mwizi aliyemchoma kisu mpangaji mwenzao mlangoni kwa Joan, na mwizi mwenyewe alishapigwa na watu mpaka akafa. Adelfina alikaa chini kwenye sakafu akalia kwa hasira. Alirudi ameshaamua.

Kampuni nyingine ilikuwa imefukia waya wake kando ya barabara kuu, na ule mwezi ukafika Nyakahura. Mafundi wakaupandisha mpaka ukutani kwake, ukaingia kwa dirisha. Picha ikawa safi. Aliniita nione. Joan alikuwa anakata kitambaa Mwanza, nikaona hadi uzi uliong'ang'ania kwenye nyusi yake.

Basi mambo yangeishia hapo. Watu huhama mitandao kila siku kama wanavyohama vinyozi. Lakini Adelfina alikuwa na uaminifu wake, na huo uaminifu ndio uliommaliza. Kwa Wasukuma alikolelewa, unaweza kukaa na ng'ombe wa mtu, ukamchunga na kunywa maziwa, na urafiki ukipoa unamrudisha mzima kwa mwenyewe, watu wanakusifu kwa mikono misafi. Kwetu tuliotoka ng'ambo siyo hivyo. Ng'ombe wa kupewa harudishwi. Unaweza siku moja kutoa mwingine wa shukrani, akizaa utampelekea mwenzako ndama, ila yule yule aliyekupa, kumrudisha mpaka kwake, ni kumwambia: tangu leo sikujui, na ukifa sitakuja kuzika. Huko ng'ambo watu wameuana kwa hilo. Adelfina aliishi nasi miaka yote ile na hakuna aliyewahi kumwambia, maana hakuna aliyewahi kuona likifanyika.

Na siku aliyoichagua! Bukuru alikuwa anapokea waposaji wa binti yake Suzana. Mimi nilikuwa huko nasonga ugali na wanawake wenzangu. Wakwe wamekaa kwenye viti vya kukodi, na mzee wao Niyokwizera amesimama anazungumzia ng'ombe, wangapi watakuja na wa rangi gani, kila mtu anatabasamu. Nikasikia kwato. Nikachungulia.

Adelfina alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Anamvuta ng'ombe mwenye kipaji cheupe, amemwosha, na kwenye pembe ametundika mfuko wa plastiki wenye rauta ya Bukuru, waya wake umekunjwa vizuri.

"Shikamooni wazee," akasema, akapiga goti. Wakaitikia kwa sauti ndogo. Akamfunga ng'ombe kwenye nguzo ya turubai. "Baba Suzana, mali yako hii. Mzima, na ana mimba. Mimi nimehamia kwa watu wa waya, siwezi kuendelea kunywa maziwa yako. Asante sana kwa yote."

Alitabasamu. Mungu wangu, alitabasamu. Akageuka akaondoka, anatembea kama mtu aliyetua mzigo.

Mzee Niyokwizera alimwangalia ng'ombe, akamwangalia Bukuru, akachukua kofia yake. "Mtu ambaye jirani yake anamrudishia ng'ombe," akasema, "sisi tunakuja kutafuta nini kwake?" Wakaondoka wote, kreti za soda hazijafunguliwa. Suzana alipiga yowe ndani ya nyumba, na hilo yowe ndilo lililomwamsha baba yake.

Bukuru alichukua panga lililotumika kukatia kuni. Alianza na ng'ombe. Alimkata nyuma ya magoti, mguu huu, kisha ule, na ng'ombe akakaa chini akilia kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena, ndama wake tumboni. Kisha Bukuru akashika njia ya kilimani. Mimi niliokota mchi wa mama mwenye nyumba nikamfuata. Mimi ni mzito, na kile kilima ni kikali. Nilimwita Adelfina akimbie mpaka sauti ikakauka.

Hakukimbia. Lini alimkimbia mtu? Nilipofika uani alikuwa amesimama mbele ya dirisha lake, na Bukuru anahema mbele yake.

"Toka hapo, Mama Joan."

"Mti ule ni wako, kata. Waya huu ni wangu."

"Umenizika hai mbele ya wakwe!"

"Nimekurudishia mali yako, Baba Suzana! Nimekuibia nini?"

Aliuliza kwa dhati, hakuwa anamkejeli. Alitaka kweli kujua. Bukuru akainua panga kuelekea ule waya ukutani. Na Adelfina akaushika waya kwa mkono wa kulia.

Mahakamani Bukuru aliapa kwamba alilenga waya. Mimi nilikuwa nyuma yake, natazama juu ya bega lake. Panga lilikuwa bado juu wakati mkono ulipofika. Aliuona.

Waya ulikatika. Vidole vitatu vilianguka mchangani, cha kati, cha pete na kile cha mwisho, na kuku wakavikimbilia wakidhani ni mahindi. Niliwapiga mateke kuku kwanza. Sijui kwa nini kuku kwanza. Halafu nikampiga Bukuru na mchi begani nikasikia mfupa, nikampiga tena mdomoni. Adelfina alimrukia, damu inamruka kwenye macho yote mawili, akampiga kichwa, akamng'ata sikio na hakuliachia mpaka lilipobaki kwake. Bukuru alikaa chini akaanza kulia kama mtoto. "Nilimpa ng'ombe," alikuwa anasema. "Mimi nilimpa ng'ombe." Nikampiga tena, na sijutii.

Yupo jela. Suzana hakuolewa. Ng'ombe alichinjwa pale pale chini ya turubai, na nyama ilikwenda kwa wapita njia, kwa kuwa nyumbani kwa Bukuru na kwa Adelfina hakuna aliyeigusa.

Mafundi walikuja wakaunga waya, mtandao ukarudi mzuri kuliko mwanzo. Adelfina hakuugusa. Mkono ulikuwa umebaki na dole gumba na kidole cha shahada, umefungwa kwenye kanga mchana kutwa. Aliniamuru nimwandikie Joan kwamba mtandao mbovu. Nikaandika. Wiki ikapita, nikaandika tena, mtandao mbovu. Joan akaandika kwamba ule wa Bukuru hata siku ya mvua haukuwahi kuzima muda mrefu hivyo. Adelfina alikaa akiitazama ile taa ya kijani ya rauta inavyowaka, hali chakula.

"Utamficha mpaka lini?" nilimuuliza.

"Nitamwitaje, Mama Philbert?" akasema. "Kidole cha jina lake kuku walitaka kukila. Nitamwita kwa nini?"

Nikakasirika. Nikachukua simu, nikabonyeza mwenyewe, nikaiegemeza kwenye sufuria mbele yake.

Joan alitokea mara moja. Picha ilikuwa safi kabisa. Adelfina alijaribu kusema kwa ule mkono wa kushoto uliopinda, ukatoka upuuzi mtupu. Joan akakunja uso. Akaonyesha kwenye kanga: toa. Mama akakataa. Toa. Nilitamani picha igande, niseme ukweli, nilimwomba Mungu igande kidogo tu kama zamani. Haikuganda. Adelfina akautoa mkono.

Joan aliutazama. Kisha akainua mkono wake wa kulia, ule wa kushonea, mzima, na kwa mkono wa pili akavikunja vidole vitatu mpaka kiganjani, akavifunga kwa kipande cha kitambaa. Vikabaki viwili. Akaanza kusema kwa hivyo viwili, taratibu. Mama. Chakula. Mvua. Baba. Nilikunjiwa uso hata mimi. Alipofika kwenye jina lake alisita, akatafakari, halafu akagusa shavu kwa dole gumba. Akarudia, akijionyesha kifuani: huyu ndiye mimi sasa.

Adelfina aliinua kile kilichobaki. Dole gumba likagusa shavu. Kule Mwanza mtoto akaitika kwa kichwa. Akamwita tena, akaitika, na nikatoka nje nikawaacha.