Bibi Asiyejibu

Habari kwamba nina mke niliipata kwa simu, nikiwa nimejifunika blanketi mbili kichwani mchana wa Garissa, katika joto ambalo hata mbuzi huchoka kulilalamikia. Aliyenipa habari hiyo alikuwa mjomba wangu, ndugu ya mama, mwenye duka kule Habaswein. Hakunisalimu. Mtu wa kwetu asipokusalimu ujue amekasirika kwelikweli, kwa sababu salamu zetu peke yake huweza kumaliza salio lote la simu.

"Una bibi," akasema. "Na mimi abti yako nimeambiwa na watu wa nje."

Nikamwambia sina. Akaniambia nisimfanye mtoto, watu wamesikia kwa masikio yao, na kwamba yeye ndiye aliyekwenda kuniposea kwa mdomo wake akiapa kuwa kijana hajaoa. Akakata simu. Nilibaki chini ya blanketi nikijiuliza ni mke gani huyo, na kwa nini hajawahi kunipikia hata chai.

Nilikuwa kazini, na kazi yenyewe ilinitoa jasho zaidi kuieleza kuliko kuifanya. Miaka ya nyuma nilikuwa nikiandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao kwenye mtandao. Wao wanalala, mimi naandika habari za wafalme wao. Kisha ikaja akili bandia, ikawaandikia bure na haikuwa na umeme wa kukatika, na wateja wangu wakaniaga mmoja mmoja, wengine bila kuaga. Nilikaa miezi bila kazi, nikiichukia mashine ile jinsi mtu anavyomchukia jirani aliyejenga ghorofa mbele ya dirisha lake.

Lakini kumbe ilikuwa na kasoro. Haikuelewa Kiswahili cha watu wa Kaskazini Mashariki. Sisi p tunaifanya b na v tunaifanya f, na maneno mengine tunayapanga tunavyojua wenyewe. Kampuni moja, ambayo mpaka leo sijui iko nchi gani, ikatafuta watu wa kuisomea sentensi kwa sauti ili ijifunze. Nikajiandikisha. Kazi zangu za kwanza zilikataliwa zote kwa sababu nilisoma kwa Kiswahili sanifu. Wakaniandikia: ongea kama unavyoongea nyumbani. Nilimkumbuka mwalimu wangu wa darasa la nne na fimbo yake, na mikono ikaniwasha. Kiswahili nilichochapiwa ndicho sasa kilichonunuliwa.

Sentensi zilikuwa za kuamrisha vyombo vya nyumbani. Washa taa ya jikoni. Zima feni. Ongeza sauti. Nikumbushe kuchukua nguo. Mpigie mama. Washa tena. Walitaka kimya kabisa, wakisikia jogoo wanakataa. Kwa hiyo nilirekodi baada ya chakula cha mchana, mji unapolala. Nafunga dirisha, nazima feni, najifunika blanketi, nabaki na shuka kiunoni nikitoa amri gizani. Nilichosahau ni kwamba chumba changu ni cha mabati, na nyuma ya bati la kushoto anaishi mama mmoja kutoka Mwingi anayeuza chapati, ambaye halali mchana.

Kwetu ukiposa, watu wa binti huja kuulizia habari zako. Unaswali? Unatafuna miraa? Ulishawahi kupigana na nani? Binti niliyemtaka ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache, na nilimpenda kiasi kwamba nilianza kukunja nguo zangu. Baba yake ni dalali wa mifugo, mzee mrefu mwenye ndevu nyekundu za hina. Anajua kupatana bei ya ngamia kwa kushikana vidole chini ya kitambaa, asijue mtu mwingine. Alikuja mwenyewe mtaani kwetu, akanunua chapati ambazo hakuzihitaji, akamuuliza jirani yangu habari zangu.

Posa ikasimama hapo hapo. Mjomba alipanda basi akaja, na tukaitwa nyumbani kwa mzee tukaeleze. Mama wa chapati naye aliletwa kama shahidi, na kwa heshima yake ilibidi kesi nzima iendeshwe kwa Kiswahili. Tulikaa mkekani tukiteseka, kila mtu akitafuta maneno. Wanawake walikuwa upande wa pili wa pazia, na nilijua binti yupo huko, anasikia.

"Mimi sina ubaya na huyu kijana," mama wa chapati alianza. "Analipa chapati zake. Lakini bibi yake anateseka."

"Umemuona?" mjomba akauliza.

"Nimuone wapi na amemfungia? Hata dirisha hafungui. Kila mchana ni washa, zima, washa tena. Kuna siku alimwambia 'ongeza sauti', yule maskini akaogopa, hakuongea kabisa."

Nikafungua mdomo. Mzee akaninyamazisha kwa kiganja.

"Wewe sikia bole bole," akasema. "Bibi ya bili si taabu. Mimi mwenyewe iko na wawili. Taabu ni file wewe naongea na hiyo ya kwanza. Asubuhi salamu hakuna. 'Tafadhali' hakuna. Kazi ni kutuma tu. Na yeye hajibu." Akamgeukia mjomba. "Bibi yangu akigomba, mimi nalala fizuri. Akinyamaza, mimi naogoba. Sasa huyu yake hajibu mwaka mzima. Mtoto yangu nitamtia haba?"

Mjomba, ambaye aliletwa kunitetea, alitikisa kichwa kukubaliana naye. Nilitamani ardhi initafune. Nikatoa simu mfukoni, nikaomba dakika moja, nikabonyeza kitufe na kusoma mbele yao sentensi ya siku hiyo: "Zima taa ya sebuleni. Ongeza sauti."

Mama wa chapati aliweka mkono mdomoni. "Ni hiyo hiyo," akasema. "Hiyo sauti ya kuonea mtu."

Nikawaeleza. Nilieleza mara tatu, mara ya tatu kwa Kisomali, na mjomba akamtafsiria shahidi. Mzee alichukua simu, akaisogeza mdomoni na kuiamrisha kwa sauti ile anayotumia sokoni kuzuia ngamia: "Warya! Washa taa!" Tukatazama balbu. Haikuwaka.

"Haijibu," akasema.

"Haijibu, adeer," nikamwambia, nikimwita baba mdogo kwa heshima. "Hii inasikiliza tu."

"Na wewe nalibwa kuongea na kitu haijibu?"

"Nalipwa."

Mzee alicheka mpaka ndevu zikatikisika. Mjomba akacheka kwa nguvu zaidi, kama mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba sina hatia. Mama wa chapati akasema kweli yeye alishangaa mbona huyo bibi hakohoi. Chai ililetwa. Nikaegemea mto nikajua nimeoa.

Lakini huyu alikuwa dalali, na dalali hucheka wakati anapiga hesabu. Akaweka kikombe chini.

"Wewe nafundisha hii mashine kusikia watu yetu."

"Ndiyo, adeer."

"Haye. Ikishajua, wao naliba wewe ya nini?"

Swali hilo nilikuwa nalo mwenyewe kila mchana chini ya blanketi, na nilikuwa nikilizima kwa kusoma sentensi inayofuata. Mashine ilikuwa imeshaninyang'anya kazi moja, na sasa nilikuwa naisaidia kwa mikono yangu kuimaliza ya pili. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa zaidi kwa kuwa pazia lilikuwa hatua chache kutoka nilipokaa.

Ningeweza kumdanganya. Mjomba alinikanyaga mguu akinihimiza nifanye hivyo. "Sijui, adeer," nikasema. "Wakimaliza, nitatafuta kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Sijui bado."

Mzee akamgeukia mjomba kwa huzuni ya kweli, bila ubaya wowote. Akasema kijana ni mkweli na tabia amemkubali, lakini ukweli hauliwi. Ng'ombe unamwona, duka unaliona. Hii kazi haionekani, na siku itakapokwisha hata mzoga haitaacha. "Siku hiyo," akasema, "mtoto yangu atakula nini?"

Mjomba alijishughulisha na kijiko. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya chini na ya adabu, sauti ya mwalimu anayemsahihisha mtoto mwerevu.

"Aabo," akamwambia baba yake, "tangu wanunuzi wa Nairobi waanze kununua ng'ombe kwa picha za simu bila dalali, sisi hapa tunakula nini?"

Mzee hakugeuka. Alitazama chai yake, akatazama sahani ya sambusa katikati yetu, kisha mkeka mpya tuliokalia. Nilimwona akivihesabu kimoja kimoja, na nikaona hakuna hata kimoja alichokinunua yeye; vyote vilitoka kwenye mshahara wa mwalimu. Nilimhurumia kama ninavyojihurumia mwenyewe.

Halafu mzee akaisukuma ile sahani ikafika mbele yangu, akachukua sambusa moja na kunipa nyingine mkononi.

"Kula," akaniambia. "Kumbe tuko wawili."