Ng'ombe Aliyefufuka Kwenye Blogu Yangu

Nikiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana hapa Karatu wapo wanaoisimulia habari hii vizuri kuliko mimi: ni mimi niliyemfufua ng'ombe wa baba mkwe wangu mbele za watu, na nilifanya hivyo kwa tamaa ya maoni.

Nina duka dogo la dawa za mifugo karibu na uwanja wa mnada. Shule niliishia darasa la saba, lakini kila karatasi inayokuja ndani ya boksi la dawa nimeisoma pande zote mbili, na watu wameamua kuniita daktari (nimekataa mara nyingi, ingawa si kwa sauti kubwa sana). Baadaye nikafungua blogu. Niliandika kuhusu kupe, nikaandika kuhusu minyoo, nikaandika kuhusu namna ya kutunza chanjo pasipo na umeme, na chini ya kila makala palikuwa na nafasi ya maoni ambayo haikuguswa na mtu. Maoni pekee niliyopata yalitoka kwa mke wangu Paskalina, chini ya makala ndefu ya kuhara kwa ndama. Aliandika, "Baba Agnesi, chakula kinapoa." Nikamjibu palepale, "Asante kwa maoni yako, karibu tena," kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba mwenye blogu hamwachi msomaji bila jibu.

Nikaendelea kusoma. Wanaojua mambo haya wanashauri usimpe msomaji makala iliyokamilika. Umwachie swali mwishoni, tena swali ambalo kila mtu anaona ana jibu lake, na ukiweza uongeze zawadi.

Wiki hiyo nilipanda Nainokanoka, kule milimani, kumpelekea dawa ya kuogesha mzee Parmet, Mmasai aliye rafiki wa baba mkwe tangu ujana wao. Ukungu ulikuwa unaondoka, ng'ombe wanatoka bomani, nikapiga picha moja ambayo hata leo nasema ilikuwa nzuri. Nyumbani nilipoikuza nikagundua jambo la kitaalamu: ng'ombe wote walikuwa wamekatwa masikio kwa alama moja, isipokuwa watatu. Nikaiweka kwenye blogu na maneno haya: "Picha hii ni ya Nainokanoka. Katika kundi hili wamo ng'ombe watatu wageni. Wataje, na useme umewatambuaje. Jibu la kina zaidi litapata jiwe la chumvi la kulambisha mifugo."

Wenzangu wa huku juu najua mmeshashika vichwa. Kwa wengine nieleze. Huku mwenye ng'ombe hawaweki wote mlangoni kwake. Baadhi huwapeleka kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa ukiingia huku, wa kule wapone, na pia (hili halisemwi) ili ndugu wasiwaone na kuanza kuwapangia matumizi. Anayewatunza hunywa maziwa na kunyamaza. Boma la mtu huliulizi lina ng'ombe wa nani. Mimi nimezaliwa hapa na hilo nalijua tangu utoto, lakini siku ile nilikuwa nawaza kama mwenye blogu.

Jioni maoni yakaanza, na nilipoyaona nilipiga kelele Paskalina akadhani nimeumwa na nge. Mmoja aliyejiita Mkulima wa Rhotia aliandika, "Yule mwekundu mwenye pembe iliyoinama namfahamu."

Nikamjibu, "Hoja nzuri, ndugu. Fafanua, utoe na ushahidi."

"Pembe ile iliinama siku alipotumbukia mtaroni kwa mzee Margwe. Mimi nilishika mkia."

"Uchunguzi makini sana," nikaandika. "Wengine mnasemaje?"

Wengine wakasema. "Huyo si alikufa?" "Mbona anakula?" "Labda ni mzimu." "Mzimu gani una nundu hiyo?"

Sasa, mzee Margwe ndiye baba mkwe wangu. Na ng'ombe wake mwekundu mwenye pembe iliyoinama alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, kwa maelezo yake mwenyewe. Nilikwenda kumpa pole, na makala ya kwanza kabisa ya blogu yangu ilihusu kifo hicho. Kwa hiyo nilihitimisha, kwa utulivu wote, kwamba Mkulima wa Rhotia amefananisha. Lakini hoja zake zilikuwa na mpangilio kuliko za wote, na mimi napenda mpangilio. Nikamtangaza mshindi, nikamwambia aje dukani siku ya mnada.

Ilivyokuwa ni kwamba shemeji yangu Daniel, kitinda mimba wa mzee Margwe, alikuwa na mchumba, na tangu mavuno yaliyopita harusi ilikuwa imesimama kwa sababu moja tu: baba yake alisema ukame na magonjwa vimemmaliza, ng'ombe wa mahari hana, kijana asubiri. Binti naye alikuwa ameanza kuchoka. Paskalina aliniambia kwamba kuna mwalimu mmoja anapita sana pale kwao.

Siku ya mnada duka limejaa, akaingia mzee Tluway, baba wa huyo binti, amevaa koti lake la kanisani.

"Daktari, nimefuata chumvi yangu."

"Chumvi ipi, mzee?"

"Mkulima wa Rhotia ni mimi." Akalipokea jiwe kwa mikono miwili, akaligeuzageuza. "Nashukuru. Yule mwekundu akija kwangu atailamba mwenyewe."

Watu wakaangua kicheko, na nikamwona Daniel amesimama mlangoni, simu mkononi, picha yangu imejaa kwenye kioo. Yeye hakucheka.

"Shemeji, huyu ng'ombe nimemchunga mimi," akasema taratibu. "Nilimlilia."

Nikafungua kinywa kumwambia kwamba kitaalamu ng'ombe wawili wanaweza kufanana, na hapohapo kicheko kikakatika, kwa sababu nyuma ya Daniel alikuwa amefika mzee Margwe. Alivua kofia akanitazama.

"Mkwe," akasema, "yule ng'ombe wangu uliyemwandika amekufa, nasikia umemwandika tena."

"Baba, shikamoo. Mimi nilidhani wamefanana tu."

"Na pembe?" akauliza mzee Tluway kwa upole, jiwe la chumvi limemkaa kifuani kama mtoto.

Mzee Margwe alimtazama mwanawe, na Daniel kwa mara ya kwanza hakuinamisha uso.

"Amepona," mzee akasema.

"Ndigana, baba?" nikauliza (sijui ni nani aliyenituma).

"Nimesema amepona! Na atakwenda Rhotia na wenzake wawili. Na atakayewapeleka, kwa miguu, ni huyu aliyewaona."

Kwa hiyo kibali cha kuhamisha mifugo kilipopatikana nikapanda tena Nainokanoka. Mzee Parmet alinipokea nje ya boma, akanyoosha mkono, na si kwa kunisalimia.

"Daktari, lete simu." Akampa mkewe, naye akaifunga ndani ya shuka. "Watu wamekuja mpaka kutoka Soitsambu na Arash, kila mmoja na picha yako, anatafuta ng'ombe wake aliyepotea. Mama huyu amewapikia chai mpaka majani yameisha. Margwe aliniomba ninyamaze, nikanyamaza miaka yote. Wewe ulishindwa siku moja?"

Nikaomba kamba ya yule mwekundu.

Tuliteremka na vijana wake wawili, wao wakitembea kama wanaokwenda kuchota maji, mimi nikivutwa na yule mwekundu, ambaye kwa maiti alikuwa na nguvu za kutosha. Kwenye barabara ya magari ya watalii aliniburuza hadi kwenye tope, na gari likasimama, wazungu wakatoa kamera juu ya paa, na dereva, kijana wa palepale Karatu, akachungulia dirishani.

"Daktari! Katika kundi hili, ng'ombe mgeni ni yupi?"

Picha hiyo aliiweka mtandaoni kabla sijafika Rhotia. Ilipata maoni mengi kuliko makala zangu zote zikijumlishwa, na hakuhitaji kutoa zawadi.

Harusi ilifungwa, Daniel ananisalimia kwa furaha, na mwalimu amepata njia nyingine ya kupita. Mimi nimeapa sitauliza tena swali lolote lenye ng'ombe ndani yake, wala picha sipigi, hata ya mbuzi. Naandika kuhusu kupe, na kupe namchora kwa mkono.

Sema blogu sasa ina msomaji wa kudumu. Baba mkwe amenunua simu ya kisasa, na kila makala ninayoweka, kabla ya saa moja kupita, chini yake pana maoni yale yale: "Nimesoma yote. Sikuona ng'ombe wangu. Endelea."

Namjibu kila mara, "Asante kwa maoni yako, baba."

"Karibu tena" nimeiondoa.