Mwenyekiti wa Ada

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, hajui kukaa kama watu wengine. Msibani ni mwenyekiti, harusini ni mwenyekiti, na akija saluni kwangu hukalia kile kiti cha kuzunguka cha wateja, akajizungusha huku akitoa maagizo. Watu humwita Mwenyekiti, naye huitika kwa raha zake. Kazi yake hasa siijui. Mkewe, ambaye ndiye anayelisha nyumba ile, nadhani naye haijui.

Binti yangu alipochaguliwa kusomea uuguzi, bodi ya mikopo ilimpa fungu lisilofika hata nusu ya ada. Chuo kikasema wazi: kinachobaki ujue utakavyokilipa kabla ya usajili kufungwa, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Nilikuwa na mpango wangu wa kimaskini. Niuze lile dude la kukaushia nywele, dada zangu waongezee walicho nacho, na binti aende akaombe kulipa kidogo kidogo. Shemeji aliposikia nusura aanguke kitini.

"Shemeji, unataka kutuaibisha? Mtoto wa ukoo wetu aende kuombaomba chuoni, na sisi tuko hai? Hapana. Tunaunda kamati."

Akaiunda. Mwenyekiti nani? Usiulize. Kamati ikajadili rangi ya mapambo mpaka wajumbe wakatokwa na jasho. Dada zangu wakaambiwa hela zao wazipeleke kwenye kamati, wasinipe mimi mkononi, nao wakapeleka, maana nani anataka ugomvi na ukoo wa watu? Hela hizo zikaenda kwenye turubai, viti vya kukodi, spika, na suti mpya ya Mwenyekiti.

"Hela huvutwa na hela, shemeji," akaniambia. "Mgeni rasmi hawezi kukaa juani."

Mgeni rasmi alikuwa mkandarasi mmoja mwenye tumbo la kumtangulia. Mwenyekiti humwita rafiki yake. Urafiki wenyewe ni kumbebea mkoba.

Siku ya hafla, mtu mmoja mmoja alisimama, akashika kipaza sauti, akaahidi. Pochi hata moja haikufunguliwa. Katika ukoo ule, ahadi ikishapigiwa makofi huhesabiwa kuwa hela taslimu. Mkandarasi akaahidi kulipa mwaka mzima, akapigiwa makofi ya kusimama, akala, akarudia kula, akaondoka. Mwenyekiti akajifuta uso kwa leso na kutangaza, "Ndugu zangu, tumevuka lengo!" Ahadi ni deni, wanasema. Labda kwa watu wenye haya.

Wiki ya usajili ilipofika, simu ya mkandarasi ilikuwa haipatikani, na Mwenyekiti alikuwa kikaoni asubuhi mpaka jioni. Binti yangu alikaa kitandani na begi lake mapajani, akalia mpaka macho yakavimba. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira, na mpaka leo sijaimaliza.

Niliuza lile dude. Hela haikutosha. Basi binti akaenda mwenyewe kwa mhasibu wa chuo, mama mmoja mkavu asiyejua kucheka, akamweleza mambo yalivyo bila kupamba.

"Kazi unaweza?" yule mama akamuuliza.

"Kazi gani, mama?"

"Kantini wanatafuta mtu wa kupakua chakula mchana. Mshahara unakatwa huku huku kwenye ada."

"Naweza."

Akasajiliwa siku hiyo hiyo. Hapakuwa na turubai wala spika.

Mwenyekiti alipopata habari kwamba mtoto ameanza, hakuuliza ameanzaje. Alizunguka mtaa mzima akijipiga kifua kwamba "tunasomesha." Muhula wa pili akamchukua mkandarasi wake akamwoneshe chuo tulichompeleka binti yetu. Mchana ukawakuta huko, wakaingia kantini. Na pale kwenye sufuria, aproni kiunoni na upawa mkononi, alikuwa binti yetu mwenyewe.

Shemeji alimwona. Binti anasema waliangaliana macho kwa macho. Kisha Mwenyekiti akageukia pembeni, akasogeza sahani, akapakuliwa. Mkandarasi akalipia wote wawili. Walipomaliza kula, Mwenyekiti akarudi na sahani yake, rafiki yake nyuma yake.

"Dada," akasema, "niongezee nyama kidogo na mchuzi."

Dada! Mtoto aliyempa jina yeye mwenyewe!

Binti yangu hana ulimi kama wangu. Alimwangalia tu, kisha akasema kwa adabu, foleni nzima ikisikia, "Shikamoo, baba mkubwa. Sahani ya pili inalipiwa."

Mkandarasi akakodoa macho. Mwenyekiti akaingiza mkono kwenye mfuko wa suti ile ya dada zangu, akapapasa, akalipa. Na katika masomo yote ya binti yangu, hiyo ndiyo hela pekee ya Mwenyekiti iliyowahi kuingia chuoni.