Lita laki moja na arobaini elfu za kumfikisha mama

Saa tatu kasoro robo asubuhi, mwanamume wa miaka hamsini na mmoja amechuchumaa chini ya bawa la ndege, chupa ya kioo mkononi. Ndani yake mna mafuta. Anaiinua kwenye mwanga kutafuta tone la maji au uchafu. Hakuna. Anamwaga, anachota tena.

"Lita, hiyo chupa ya tatu sasa," mwenzake anamtania. "Unakagua au unataka kuonja?"

"Mama yangu anapanda hii. Nyamaza."

Kazini wanamwita Lita. Amejaza ndege mafuta miaka ishirini na miwili, hajapanda hata moja. Safari ya leo ni kilomita elfu kumi na moja na mia nane, saa kumi na nne angani bila kutua. Yeye huhesabu kwa lita: laki moja na arobaini elfu.

"Pikipiki yangu inakunywa lita tatu kwa siku," ananiambia, nikiandika daftarini. "Kwa mafuta haya ningekuja kazini miaka mia na ishirini na ushee. Ndege hii karibu yote inayamaliza leo leo. Nimezoea kazi, hilo sijalizoea."

Mama ana miaka sabini na minne. Anakwenda kwa bintiye mkubwa, mpishi wa hospitali huko mbali, ambaye hawajaonana naye miaka kumi na tisa. Nauli hiyo binti aliidunduliza miaka minne.

Juzi, wakifunga sanduku, mama alisomewa tiketi: kuondoka saa nne asubuhi, kufika saa kumi jioni, siku hiyo hiyo.

"Kumbe saa sita tu!" akasema. Anameza vidonge vya kisukari kila baada ya saa nane. "Cha saa mbili nitameza hapa, cha saa kumi nikishafika kwa dada yako."

Lita alihesabu kwa vidole. Saa kumi ya kule, hapa ni saa sita usiku. Mama angekaa saa kumi na sita bila dawa.

"Mama, ni saa kumi na nne angani. Unakwenda na jua. Kule saa zao ziko nyuma."

"Saa kumi na nne juu, na jua halizami?"

"Halizami."

"Mungu ana mambo, mwanangu."

Lita akavua saa yake, akamfunga mkononi. "Usiguse mishale, hata rubani akikuamuru. Ikisema saa kumi, meza. Ikisema saa sita, meza tena. Hapo ndipo mnagusa chini."

Saa kumi jioni simu yake inalia kengele aliyoitega. Lita yuko uani kwake, anafua ovaroli. Anainua macho. Tangu ndege iondoke amemaliza zamu, amekula, amelala. "Bado hajafika hata nusu," ananong'ona. "Meza, mama."

Asubuhi ya pili ananisikilizisha ujumbe wa sauti wa mama. "Nimemeza vyote, baba. Saa yako inasema usiku, huku jua linaniwaka usoni. Dada yako analia tu, mwambie aache."

Mama atarudi baada ya miezi mitatu. Lita ameshaomba likizo ampokee, ila kuna mtu mmoja anamwazia sana.

"Huko naye yupo mwenye chupa kama yangu," anasema. "Simjui. Siku hiyo naomba aangalie mara tatu."