Jibu Lilikuwa Zuhura

Mwezi uliopita nilialikwa Githongo, kwenye shule niliyosomea nikiwa mtoto, kuwapa wanafunzi zawadi. Nikisubiri watu wakae, nikatazama ukuta wa darasa la sita. Mtu alikuwa amechora Jua na sayari zake kwa rangi, na chini ya kila sayari akaandika maneno machache. Chini ya Zuhura aliandika: sayari yenye joto kuliko zote. Mwalimu mkuu akaniuliza kama ninajisikia vibaya, maana alikuwa ameniita mara mbili bila mimi kugeuka. Nikamwambia niko sawa. Sikuwa sawa. Nilikuwa na hasira, rafiki yangu, hasira ya zaidi ya miaka arobaini, na ngoja nikueleze ilikotoka.

Miaka ya sabini kwetu ilikuwa kahawa tu. Usiku ulisikia mashine ya kiwandani ikimenya kahawa kule mtoni, na asubuhi harufu ya maganda yaliyochacha ilikufuata mpaka shuleni. Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe, mimi na dada yangu tulijifunga vikapu kiunoni tukachuma mstari kwa mstari, na saa saba nyanya alituletea nduma za kuchemsha na uji wa wimbi. Dada alikuwa darasa la saba, mimi la sita. Hakuweza kuchuma kimya. Kwa nini siku nyingine mwezi unaonekana mchana? Nani alipima Jua, na alilipima na nini? Akikosa wa kumjibu alitafuta mwenyewe. Nyumbani tulikuwa na Biblia na kitabu cha nyimbo, basi, kwa hiyo alisoma chochote chenye maandishi.

Ndivyo tulivyoipata ile karatasi. Mwenye bucha sokoni, mzee Mwislamu aliyetoka Meru mjini, alifunga nyama kwa magazeti ya zamani. Siku moja baba alileta nusu kilo, dada akainyoosha karatasi mezani, akaifuta damu, tukaisoma vichwa vikigusana. Ilisema chombo kilichotumwa angani kimepima joto la Zuhura. Ingawa Zebaki ndiyo iliyo karibu zaidi na Jua, Zuhura ina joto zaidi, kwa sababu hewa yake nzito na mawingu yake hayaliachi joto litoke.

"Kama sufuria ya githeri ukiifunika," dada akasema.

Nikaelewa papo hapo. Tafadhali kumbuka hilo. Nilielewa.

Muhula huo shule za tarafa yetu zilipangiwa mashindano ya maarifa ya Jua na sayari, na mwalimu wetu wa sayansi akatuchagua sisi wawili. Alikuwa mwalimu mzuri, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Karai kuukuu aliligeuza Jua. Sayari zilikuwa machungwa, maharagwe na punje za mtama, akazipanga uwanjani, nasi tukakimbia kutoka moja hadi nyingine tukizitaja kwa sauti. Wakati ule tulizitaja kwa Kiingereza. Majina haya ya Kiswahili niliyajifunza baadaye. Tulimpenda sana mwalimu yule.

Siku yenyewe ukumbi wa kanisa ulijaa wazazi. Mkaguzi wa shule alikaa mbele, karatasi ya majibu mkononi. Dada alijibu bila kusita: sayari kubwa kuliko zote, yenye pete zinazoonekana, muda ambao mwanga wa Jua huchukua kutufikia. Tukafika swali la mwisho tukiwa sare na shule ya jirani.

"Sayari gani ina joto zaidi?" mkaguzi akauliza.

"Zuhura," dada akajibu.

"Si kweli. Umetoa wapi hiyo?"

"Nimesoma kwa gazeti."

"Gazeti gani?"

"La kufungia nyama."

Ukumbi mzima ukacheka. Baba alikuwa safu ya nyuma, kofia magotini, akainamisha kichwa. Lakini dada hakukaa chini. Alingoja kicheko kiishe, akasema kwa upole kabisa, "Samahani, bwana mkaguzi. Hiyo karatasi yako imekosea."

Kanuni ilimruhusu mwenzake ajaribu, kwa hiyo mkaguzi akanigeukia mimi. "Na wewe?"

Nikamtafuta mwalimu wetu kwa macho. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Zebaki," nikasema.

"Sahihi."

Tukashinda. Nilipewa atlasi mpya yenye jalada gumu, watu wakanipigia makofi, na dada akapiga makofi pamoja nao.

Jumatatu mwalimu wetu alimwita mbele ya shule nzima akamchapa viboko sita viganjani kwa kubishana na mgeni. Jioni nyanya alimkanda mikono kwa maji ya moto yenye chumvi, huku akiongea na ukuta. "Mtoto anasema kitu alichosoma, anapigwa. Sasa mnampeleka shule akafanye nini?"

Dada alifaulu mtihani wa darasa la saba. Shule ya bweni aliyoitaka ilidai barua ya tabia, na aliyemwandikia ni mwalimu yule yule. Aliandika kwamba msichana huyu ni mbishi na hana heshima kwa wakubwa. Hawakumchukua. Baba, ambaye aibu ya ukumbini ilikuwa haijamtoka, hakuhangaika kutafuta shule nyingine. Dada akarudi kwenye kahawa siku zote za wiki, na baada ya miaka michache akaolewa Ruiri, kwa watu wa ng'ombe na maharagwe. Mimi mwaka uliofuata nilichukuliwa na shule ile ile, nikaenda na atlasi yangu ndani ya sanduku.

Nilikuja kuwa mwalimu. Chuoni nilifungua kitabu cha sayansi nikakuta jambo lile la Zuhura limeandikwa waziwazi, kama vile halijawahi kumgharimu mtu chochote. Likizo ilipofika nikaenda kwa mwalimu wetu, ambaye alikuwa amestaafu, akifuga kuku. Alinikaribisha chai. Nikamwambia, "Mwalimu, jibu lilikuwa Zuhura."

"Nilijua," akasema. "Dada yako aliniletea ile karatasi kabla ya mashindano. Nikaenda kuhakikisha, nikaona ni kweli."

"Mbona ulinyamaza?"

"Yule mkaguzi ndiye aliyekuwa anaandika ripoti yangu ya kupandishwa cheo. Ulitaka nimsahihishe mbele ya watu?"

"Na viboko?"

Akakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogeka. Nikainuka nikaondoka, kikombe changu kikiwa kimejaa.

Siku hiyo hiyo nikaenda Ruiri. Dada alikuwa uani akipepeta maharagwe. Nikamwambia yote huku nafoka, nikamtukana mwalimu, nikamtukana mkaguzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, "Yeye alikuwa anaogopa ripoti. Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

Nikainama nikaokota maharagwe yaliyoangukia nje ya ungo, moja moja, mpaka wakati wa kuaga.

Kahawa yetu iling'olewa zamani, watu wakapanda parachichi na kujenga nyumba za kupangisha. Kiwanda cha mtoni kimekaa bila paa, na nyanya amelala karibu na pale tulipokuwa tukichuma. Hayo ninayakumbuka kwa upendo, kama mtu yeyote wa umri wangu. Ila nikienda Ruiri siku hizi, dada na mimi huongea habari za mvua, za watoto, za bei ya maziwa, na mpaka ninapoaga hajaniuliza hata swali moja.